Jina Lako Limo Katika Karatasi ya Jirani: Kumbukumbu za Ardhi na Historia za Familia Zetu

Hotuba iliyotolewa na Ofisa Habari wa Halmashauri mbele ya wakazi wa kata, kabla ya kuanza kwa kazi ya uhakiki wa mipaka ya mashamba vijijini. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumzie huduma za masijala ya ardhi. Wengi wetu tunapolisikia neno hilo tunafikiria mambo mawili tu, yaani hati na mgogoro. Leo naomba niongeze la tatu. Masijala ya ardhi ni mahali ambapo mtu anaweza kuwatafuta wazee wake waliotangulia, akajua walitoka wapi, waliitwa nani, na waliishi na kina nani. Nitaanza na jambo lililotokea nyumbani kwetu.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alirudi kwao baada ya kufiwa na mume wake. Wakati wa Operesheni Vijiji familia yetu ilihamishiwa kijiji kipya, naye akagawiwa shamba lake mwenyewe kando ya shamba la kaka yake. Alililima kwa zaidi ya miaka thelathini. Kaka yake alipofariki, baadhi ya watoto wa marehemu walisema kwamba shamba lile lilikuwa la baba yao, na kwamba shangazi aliazimwa tu. Shangazi hakuwa na karatasi. Daftari la kijiji lilikuwapo, lakini kurasa zilizohusika zilikuwa zimeliwa na mchwa.

Shauri lilipofika katika Baraza la Ardhi la Kijiji, mzee mmoja jirani alisimama, akatoa karatasi yake mwenyewe aliyoitunza ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa ya shamba lake yeye, imeandikwa kwa mkono na kupigwa mhuri wa kijiji. Katika sehemu ya mipaka iliandikwa kwamba upande wa kaskazini shamba hilo limepakana na shamba la shangazi yangu. Halikutajwa jina la kaka yake. Lilitajwa jina la shangazi, kwa ukamilifu: jina lake, kisha neno “binti”, kisha jina la baba yake.

Shamba likabaki kuwa la shangazi. Lakini mshangao wetu ulikuwa katika lile jina la baba yake. Sisi wajukuu tulimjua babu kwa jina la ubatizo. Karatasi ile ilitaja jina jingine kabisa, jina alilopewa alipozaliwa, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisikia. Tulipolipeleka kwa wazee wa ukoo ndipo tukaelezwa kwamba jina hilo ni la watu wa ng'ambo ya mto, na kwamba babu alikuja upande huu akiwa kijana, akapokewa na wajomba zake. Karatasi ya jirani ilituamulia shauri, na papo hapo ikatufundisha sisi ni nani.

Wenzetu wamefanyaje

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Marekani watu wengi wanaotafuta historia za familia zao huanzia katika kumbukumbu za ardhi za serikali ya shirikisho, yaani serikali kuu yenye makao yake Washington. Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyojulikana kwa jina la Homestead. Sheria hiyo ilimruhusu mkuu wa kaya, au mtu aliyetimiza miaka 21, kuomba ekari 160 za ardhi ya serikali. Masharti yake yalikuwa ni kuishi hapo kwa miaka 5, kujenga nyumba na kulima. Wanawake wajane na wasioolewa waliweza kuomba pia. Mmoja wa waombaji wa kwanza kabisa, Daniel Freeman wa Nebraska, aliandikishwa tarehe 1 Januari 1863, siku ile sheria ilipoanza kutumika. Kwa jumla zilitolewa hati zipatazo milioni 1.6, zikichukua takriban ekari milioni 270.

Mtafiti wa leo huanza kwa kuitafuta hati. Hati hiyo ina mambo machache tu: jina, tarehe, na maelezo ya mahali shamba lilipo. Asiyejua huishia hapo. Anayejua huchukua namba ya hati hiyo, akaomba jalada lake katika Nyaraka za Taifa za nchi hiyo. Humo ndani ya jalada ndimo familia ilimo. Mwombaji alitakiwa kueleza alihamia lini, ana mke na watoto wangapi, nyumba yake ni ya namna gani, amelima ekari ngapi na amepanda nini. Kama alizaliwa nchi nyingine, alitakiwa kuambatisha karatasi za uraia wake. Tena alipaswa kuleta mashahidi wawili wanaomfahamu, na mashahidi hao kwa kawaida walikuwa majirani. Mara nyingi mtu aliyekwama katika kumtafuta babu yake hufunguliwa njia na jalada la jirani huyo, kwa kuwa majirani wengi walikuwa ni ndugu, wakwe, au watu waliotoka kijiji kimoja.

Kwa wajukuu wa watu waliowahi kuwa watumwa nchini humo, kumbukumbu hizi zina uzito wa pekee. Kabla ya sensa ya mwaka 1870, wengi wa wazee wao hawakuandikwa kwa majina katika vitabu vya sensa. Walipopata ardhi baada ya uhuru wao, kama walivyofanya baadhi ya waliofika Nicodemus katika jimbo la Kansas kuanzia mwaka 1877, ndipo majina yao na ya watoto wao yalipoingia katika majalada ya serikali.

Lakini kumbukumbu hizo zina upande wa pili, nao ni lazima usemwe. Sehemu kubwa ya ardhi iliyogawiwa ilikuwa ya wenyeji wa asili, walioondolewa kwa vita na kwa mikataba ambayo mara nyingi haikuheshimiwa. Katika jalada la mkulima mgeni yameandikwa mahindi yake na ng'ombe wake, lakini hayakuandikwa majina ya waliokuwapo kabla yake. Hilo nalo ni somo kwetu. Karatasi humkumbuka yule aliyeandikwa tu.

Kwetu kumbukumbu zimelala wapi

Sasa turudi nyumbani. Historia ya maandishi ya ardhi yetu ina mapengo mengi, na ni vema tujue sababu zake ili mtu asikate tamaa mapema.

Wajerumani, kwa amri ya tarehe 26 Novemba 1895, walitangaza ardhi iliyoonekana haina mwenyewe kuwa mali ya dola yao. Waliandika kwa makini mashamba makubwa ya walowezi, lakini mkulima wa kawaida hakupewa hati. Waingereza walitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, wakairekebisha mwaka 1928 ili haki za wenyeji walioshika ardhi kwa mila zitambuliwe. Hata hivyo haki hizo zilitambuliwa bila kuandikwa moja moja. Ndiyo maana babu wa babu yako alikuwa na shamba, na kila mtu alijua ni lake, lakini hana hati.

Baada ya Uhuru yalikuja mabadiliko mengine. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, zikarejeshwa mwaka 1984. Katika miaka ile ya katikati, shughuli zake zilikuwa mikononi mwa ofisi nyingine za Serikali. Kwa hiyo mtu anayekuja ofisini kwetu akitafuta jalada la mwaka 1968 asishangae akielekezwa kwingine. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, hasa kati ya mwaka 1973 na 1976, ambapo mamilioni ya watu walihama kutoka makazi ya zamani. Mashamba yaligawiwa upya. Vijiji vingine viliandika ugawaji huo katika madaftari ya shule, na vingine havikuandika kabisa.

Pamoja na mapengo hayo, njia ipo. Naomba niieleze kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni nyumbani. Waulize wazee kabla hujaiuliza ofisi. Fungua sanduku la bibi. Stakabadhi za kodi, barua za zamani, muhtasari wa kikao cha ukoo, hata karatasi ya mauziano ya kiwanja, vyote hivyo hutaja majina na tarehe. Tembeeni pamoja na mzee hadi shambani, awaonyeshe makaburi, mwembe wa zamani, mstari wa minyaa au mkonge uliopandwa kuwa mpaka, naye akueleze nani aliupanda. Andika palepale. Usiseme utakumbuka.

Hatua ya pili ni ofisi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, imeweka utaratibu wa masijala ya ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa Ofisa Mtendaji wa Kijiji. Humo huhifadhiwa kumbukumbu za Hati za Hakimiliki za Kimila. Unapofika usiulizie jina la babu yako peke yake. Ulizia pia mashamba yanayopakana na lake, na uangalie sehemu ya mipaka na sehemu ya mashahidi. Kama kijiji chenu kilizaliwa kwa kugawanywa kijiji kikubwa zaidi, nenda pia katika kile kijiji mama, maana madaftari ya zamani huenda yalibaki huko.

Hatua ya tatu ni masijala ya ardhi ya wilaya, hapa kwetu Halmashauri, ambako hati hizo za kimila hutunziwa kumbukumbu pia. Kama ilivyo kwa wenzetu wa Marekani, usitosheke na hati. Omba uelezwe kama lipo jalada lake lenye fomu ya maombi na viambatisho vyake. Kwa viwanja na mashamba yenye hati zilizosajiliwa chini ya Msajili wa Hati, upo utaratibu wa upekuzi rasmi kwa kulipa ada.

Hatua ya nne ni Mahakama ya Mwanzo. Jalada la mirathi huwataja warithi, na mara nyingi hueleza uhusiano wao na marehemu. Wapo watu waliowafahamu ndugu zao wa mbali kwa kusoma jalada la mirathi ya babu mkubwa.

Hatua ya tano ni Nyaraka za Taifa, jijini Dar es Salaam. Huko yamehifadhiwa majalada ya utawala wa Kijerumani na wa Kiingereza, pamoja na vile vitabu vya wilaya ambamo maofisa wa zamani waliandika habari za koo, watawala wa jadi, mila na mipaka. Kwa kawaida nyaraka za Serikali hufunguliwa kwa wasomaji baada ya kupita miaka 30. Mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kuomba kusoma, ila nyaraka husomwa humo humo na hazitoki nje.

Tahadhari za msomaji

Ndugu zangu, anayesoma karatasi za zamani ahadhari na mambo matatu.

La kwanza ni majina. Makarani waliandika walivyosikia. Herufi L inaweza kuwa R, na jina la mama likageuzwa kuwa jina la ukoo. Mtu mmoja alikuwa na jina la kuzaliwa, jina la dini, na jina la utani lililomshinda nguvu. Maneno “bin” na “binti” yasikupite, kwa sababu ndiyo yanayokupandisha kizazi kimoja juu. Vilevile majina ya mahali hubadilika, na kitongoji cha leo kinaweza kuwa kijiji cha jana.

La pili, na hili nalisema kwa msisitizo, ni kwamba kutafuta historia si kufufua mgogoro. Utakapogundua kwamba familia yenu ilikuwa na makazi mahali ambapo leo wanaishi watu wengine, kumbuka kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji imeuthibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977. Unaweza kwenda kusalimia makaburi ya wazee wako kwa heshima, ukiwa umebisha hodi kwa wenye mji wa leo. Usiende na panga wala na kamba ya kupimia. Mwenye dai la kweli alipeleke katika Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, ambao 3 kati yao ni wanawake, na ambalo kazi yake ni kusuluhisha.

La tatu ni uaminifu. Karatasi ya ofisi haichanwi, haiandikwi juu yake, wala haibebwi kwenda nayo nyumbani. Pale ambapo huduma ina malipo, utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo na stakabadhi ya Serikali. Asiyekupa stakabadhi hajakuhudumia. Toa taarifa.

Zamu yetu ya kuandikwa

Nimesema mengi kuhusu wazee. Lakini kilichonileta hasa ni sisi tulio hai. Katika majuma machache yajayo kazi ya uhakiki wa mipaka itaanza katika vijiji vya kata hii. Mtu atasimama kwenye mpaka wa shamba lake, majirani watasimama upande wa pili, na karani ataandika. Wengi wetu tutaiona kuwa ni kazi ya siku moja ya kuchoma jua. Kumbe siku hiyo ndiyo tunayoandika kurasa ambazo wajukuu wetu watazifungua baada ya miaka hamsini.

Basi nawaomba mambo haya. Fikeni wenyewe. Msimtume mtoto asiyejua mpaka unapita wapi. Njooni na kitambulisho cha Taifa, na majina yaandikwe yote kama yalivyo humo. Kama unajulikana kijijini kwa jina jingine, lisemeni mbele ya karani ili mkanganyiko utatuliwe sasa na si baadaye.

Akina baba, kama shamba ni la mke na mume, hati inaweza kuandikwa kwa majina ya wote wawili. Yaandikwe. Sheria inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki hiyo haina nguvu ya kisheria. Hakimiliki ya kimila nayo ina hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na Serikali. Kwa hiyo asidanganywe mama yeyote kwamba jina lake si lazima kwa kuwa “hii ni hati ya kijijini tu”.

Na wewe uliyealikwa kuwa shahidi wa jirani, usitie saini kwa haraka ili uwahi nyumbani. Soma, au omba usomewe, ni jina la nani limeandikwa kuwa linapakana na shamba hilo. Likikosewa, sema palepale. Mzee aliyemwokoa shangazi yangu hakuwa mwanasheria. Alikuwa jirani aliyehakikisha, siku ya ugawaji, kwamba mpaka wake umeandikwa kwa jina la mwenye shamba halisi, hata kama mwenyewe alikuwa mwanamke mjane ambaye wengine walimwona ni mgeni katika mji wa kaka yake. Kisha akaitunza karatasi hiyo miaka yote bila mchwa kuigusa.

Wenyeviti wetu na watendaji, kwenu ombi langu ni moja. Madaftari ya zamani yaliyoko katika makabati ya vijiji, hata yale yaliyofifia na kuchanika, yasichomwe wala yasifungiwe maandazi. Yawekeni mahali pakavu, juu ya sakafu, na mtoe taarifa kwetu ili tutafute namna ya kuyahifadhi. Mtu anaweza kudhani ni takataka, kumbe ndani yake limo jina pekee lililobaki la bibi wa mtu.

Shangazi yangu sasa ni marehemu. Kabla hajafariki alipata hati yake ya kimila, jina lake likiwa juu na majina ya majirani zake wanne yakiwa chini. Alikuwa hajui kusoma. Lakini kila mgeni alipofika aliitoa hati ile, akaomba asomewe, na kila mara aliwataka waanze na majina ya majirani.

Mheshimiwa Diwani, ndugu wananchi, nawatakia uhakiki wa amani.